Nyigu Hana Mfupa

Fremu yangu niliuziwa kwa kilo. Mwenye yadi ya skrapu aliitundika kwenye mizani ileile anayopimia nondo na milango ya matatu zilizokufa, akasoma uzito, akataja bei bila hata kuuliza ni kitu gani. Haikuwa na injini, magurudumu, kiti, taa wala usukani. Kilichobaki ni ganda tu: ngao ya mbele ya kukinga miguu, sakafu yenye matundu ya kutu, na nyuma tumbo nene lililovimba kama la mdudu. Nilikuwa na mpango mmoja, kuijenga skuta yangu kutoka hapo, kipande kwa kipande, isifanane na nyingine yoyote hapa Nairobi.

Fundi niliyempelekea ni mtu wa bodaboda. Pikipiki anazozijua, ukizivua tangi, kiti na plastiki, unabaki na mabomba ya chuma yaliyochomelewa pembetatu pembetatu, na hapo hata mtoto anaona fremu ni ipi. Alilizunguka ganda langu mara mbili, akainama, akachungulia kwa chini, akasimama.

"Sasa fremu iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo."

"Hii ni bodi, buda. Mimi nimeuliza fremu."

Siku hiyo nilimjibu ovyo ovyo. Jibu lenyewe nililipata baadaye, na lina umri wa miaka 80 hivi. Linaanzia kwenye kiwanda cha ndege kilichopigwa mabomu, na ndilo linaloamua ni wapi unaweza kupitisha msumeno na ni wapi ukiupitisha utaua mtu.

Pontedera ni mji mdogo karibu na Pisa, Italia. Hapo ndipo kampuni ya Piaggio ilipokuwa ikiunda ndege wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ikiwemo P.108, ndege kubwa ya injini nne ya kudondosha mabomu. Kiwanda cha aina hiyo adui hakisahau. Vita vilipoisha, Enrico Piaggio, mwana wa mwanzilishi, alibaki na kuta zilizobomoka, wafanyakazi wasio na kazi, na ujuzi wa kukunja mabati ya ndege ambao hakuna aliyeuhitaji tena. Italia ilikuwa imeshindwa. Habari ya kuunda ndege za kivita ilikuwa imekwisha. Barabara zilikuwa mashimo, na watu wa kawaida hawakuwa na pesa ya gari.

Wazo la kipikipiki kidogo halikuwa geni. Waingereza walikuwa na Welbike, kitu cha cc 98 kilichokunjwa ndani ya mtungi na kudondoshwa kwa parachuti pamoja na askari. Wamarekani nao walikuwa na Cushman zao. Mafundi wa Piaggio waliunda jaribio la kwanza, MP5, likapewa jina la utani Paperino, ambalo ndilo jina la Donald Duck kwa Kiitaliano. Enrico hakulipenda. Akamwita Corradino D'Ascanio.

D'Ascanio hakuwa mtu wa pikipiki hata kidogo. Alikuwa mhandisi wa ndege. Oktoba 1930 helikopta yake ilipanda mita 18 na siku nyingine ikakaa hewani zaidi ya dakika 8, rekodi za dunia kwa wakati huo. Pikipiki alizichukia, na chuki hiyo ndiyo iliyomchorea ramani. Kwake pikipiki ilikuwa kitu kinachokuchafua, kinachokulazimisha kukipanda kama farasi hata ukiwa umevaa sketi, chenye mnyororo wa kutema oili kwenye suruali, na ukipata pancha njiani umekwisha. Basi akaondoa mnyororo, akaliunganisha gurudumu la nyuma na injini moja kwa moja. Gia akazileta mkononi, kwenye mpini wa kushoto. Akaweka ngao ya kukinga matope na sakafu ya kuwekea miguu, ili mtu akae kama yuko kwenye kiti cha nyumbani. Gurudumu la mbele akalishika kwa mkono mmoja tu, upande mmoja, kama lilivyo gurudumu la ndege la kutulia, na ukipata pancha unalivua kama la gari.

Na fremu? Hapo ndipo mtu wa ndege alipofanya kitu cha ndege. Hakuweka fremu. Alikunja bati, akalichomelea likawa ganda moja, na ganda hilo ndilo likabeba kila kitu: injini, tangi, dereva, na abiria wake.

Husimuliwa kwamba Enrico alipoiona, kiuno chembamba na tumbo nene, alisema inafanana na nyigu. Nyigu kwa Kiitaliano ni vespa. Hataza ilisajiliwa tarehe 23 Aprili 1946. Mwaka huo zilitoka takriban 2,500, mwaka uliofuata zaidi ya 10,000, na kufikia 1956 kiwanda kilikuwa kimetoa ya milioni moja. Watu wengi hudhani jina limetokana na umbo tu, lakini lina ukweli mwingine ndani yake. Mdudu hana mifupa. Ganda lake la nje ndilo linalombeba.

Ukitaka kuelewa maana yake kwa fundi, chukua mkebe mtupu wa soda, usimamishe sakafuni, kisha uukanyage kwa mguu mmoja polepole, wima kabisa. Utakubeba. Sasa mwambie rafiki yako auguse ubavuni kwa kidole. Ndivyo ilivyo Vespa. Nguvu yake haimo katika unene wa bati, kwa sababu bati lenyewe ni jembamba, imo katika umbo. Umbo likiwa zima, unapakia watu wawili na gunia. Likipata tundu mahali pasipofaa, huna skuta, una mkebe.

Kuna ndugu yake ambaye ni lazima nimtaje, kwa sababu bila yeye nusu ya hadithi hii haipo. Huko Milan, mtaa wa Lambrate, Ferdinando Innocenti naye alikuwa na kiwanda kilichoharibiwa na vita. Yeye alikuwa ametajirika kwa mabomba ya chuma, hasa yale ya jukwaa la mafundi wa ujenzi; hadi leo Waitaliano huyaita mabomba hayo kwa jina lake. Skuta yake, Lambretta, ilitoka 1947. Nadhani unaweza kukisia iliundwaje. Ndiyo, bomba. Wahandisi wake nao walitoka kwenye ndege, lakini tajiri alikuwa mtu wa mabomba na mabomba yalikuwepo. Lambretta za kwanza hazikuwa hata na mabodi ya kufunika injini: bomba, injini, viti viwili, twende. Mabodi yalikuja kama nguo, na nguo unaweza kuivua.

Kwa hiyo tayari kuna aina mbili za mifupa. Moja iko ndani, nyingine iko nje. Na zote mbili zilizaliwa kwenye magofu, na watu waliotumia walichokuwa nacho. Hili huwa nalikumbuka kila mtu anaponiambia kwamba kuchukua skuta ya kiwandani na kuikata ni kuharibu historia.

Skuta hizi zilipofika Uingereza, miaka ya 1950, zilikutana na kitu kipya: vijana wenye mshahara. Walikuwa wanafanya kazi maofisini na viwandani, wanakaa kwa wazazi, na wanaweza kukopa, kulipa kidogo kidogo kila wiki. Mwenye bodaboda ya mkopo wa leo angewaelewa bila kutafsiriwa. Kundi lililojulikana kama Mods lilipenda suti za Kiitaliano, muziki wa Wamarekani weusi, na skuta, maana juu ya skuta suti haichafuki. D'Ascanio alikuwa amefanya kazi yake. Suti wakaifunika kwa koti kubwa la kijani la jeshi la Marekani, lililonunuliwa mtumba.

Mods waliongeza. Vioo juu ya vioo, taa juu ya taa, vyuma vya kromu mbele na nyuma, mkia wa mnyama kwenye fimbo ndefu, kiti chenye mgongo mrefu. Umeme wa skuta nyingi za wakati huo ulikuwa volti 6, kwa hiyo taa nyingi zilikuwa pambo tu. Ungeziwasha zote pamoja ungesukuma skuta hadi nyumbani. Ukiona bodaboda ya mtaani kwetu yenye mwavuli, vikinga tope virefu vilivyoandikwa maneno ya hekima, mito ya manyoya na taa za rangi tatu, unaona akili ileile. Kitu kimetoka kiwandani kikiwa sawa na elfu kumi vingine. Mwenyewe anakiambia: hapana, wewe ni wangu.

Mwaka 1964 magazeti ya Uingereza yalijaa picha za Mods wakipigana na Rockers, watu wa pikipiki kubwa, kwenye miji ya pwani: Clacton wakati wa Pasaka, Brighton na Margate mwezi Mei. Taifa zima likaingiwa na hofu ya vijana. Mimi naona picha zile zilifanya kazi moja ambayo wapiga picha hawakuikusudia: zilihifadhi skuta zile zilivyokuwa, taa kwa taa, na wajenzi wa leo bado wanazitumia kama kielelezo.

Kufikia 1969 upepo uligeuka. Wadogo zao waliokuja nyuma, vijana wa nywele fupi na viatu vizito waliokuwa wakicheza ska na reggae ya Jamaika, waliona vioo ishirini ni ushamba. Wakaanza kutoa. Walivua mabodi ya Lambretta, wakaacha injini na bomba nje. Bila kujua, walikuwa wameirudisha kwenye umbo lake la 1947.

Halafu ikaja miaka ya 1980, na hapo ndipo ilipozaliwa sanaa ninayoizungumzia. Kampuni ya Innocenti ilikuwa imeacha kutengeneza Lambretta mwaka 1971. Filamu ya Quadrophenia ya 1979 iliwarudishia vijana hamu ya skuta, lakini dukani hapakuwa na Lambretta mpya ya Kiitaliano. Zilikuwa kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba, zimefunikwa gunia, zimeoza upande mmoja, zimegongwa upande mwingine. Kijana aliyekuwa hana kazi, na wakati huo Uingereza ilikuwa na mamilioni yao, angeweza kupata fremu kwa bei ya viatu. Mabodi yaliyopondeka yalikuwa ghali kuyabadilisha kuliko kuyatupa. Basi alikata.

Aina hiyo ikaitwa kwa neno lenye maana ya "iliyopunguzwa". Unachukua Lambretta, unavua mabodi ya nyuma, unaipunguza ngao ya mbele hadi ibaki nyembamba kama utosi wa jogoo, unakata bomba la nyuma lililozidi, unatafuta tangi la pikipiki nyingine na kulichomelea vishikio vipya. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakakata shingo ya fremu na kuibadilisha pembe, wakaweka uma mrefu wa mbele mpaka skuta ikaonekana kama imelala chali. Waliziendesha kutoka miji ya viwandani ya kaskazini hadi kwenye mikutano ya pwani, mamia ya kilomita, kwa injini ya cc 200 inayotaka oili ndani ya petroli.

Ninachokiheshimu katika zile skuta si uzuri. Nyingi hazikuwa nzuri, tuseme ukweli. Ninachokiheshimu ni kwamba kila mkato ulionekana. Ukisimama kando yake unaona bomba limekatwa wapi, limeungwa wapi, na mshono ni wa mtu aliyejua au wa mtu aliyebahatisha. Mwenye kuipanda ndiye aliyeichomelea, au alikuwepo ikichomelewa, ameshika taa. Akidanganya, anajidanganya mwenyewe, kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa.

Vipuri vyao vingi vilitoka India, na hapa hadithi inatukaribia. Serikali ya India ilinunua mitambo ya Lambretta ikaipeleka Lucknow, kampuni ya Scooters India ikaundwa 1972. Vitu vilivyokuwa vimefutwa Milan vikaendelea kuzaliwa Lucknow, na mjenzi wa Kiingereza akawa anaagiza huko alichohitaji kufufulia skuta ya Kiitaliano. Upande wa Vespa, kampuni ya Bajaj ilizitengeneza India kwa leseni ya Piaggio tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Leseni ilipokwisha, Bajaj ikatoa Chetak yake mwenyewe mwaka 1972, na watu walikaa kwenye foleni ya miaka kuipata. Ndiyo Bajaj hiyohiyo ya Boxer iliyokubeba jana usiku ukitoka stejini. Hata tuktuk ya Mombasa ina damu hii: babu yake ni gari la magurudumu matatu ambalo Piaggio ilitoa 1948, kiuno cha Vespa kilichotiwa karai nyuma. Liliitwa Ape, yaani nyuki. Watanzania waliamua kuyaita magari hayo bajaji, mambo yakaisha. Zanzibar nako skuta yoyote ni vespa, hata iwe imeandikwa jina la Mjapani ubavuni.

Indonesia walilipeleka jambo hili mahali ambapo Waingereza hawakuthubutu, na kuna uzi mwembamba unaounganisha Vespa zao na upande wetu wa dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Indonesia ilituma wanajeshi Kongo chini ya Umoja wa Mataifa. Waliporudi, serikali iliwapa Vespa kama shukrani, na hadi leo wakusanyaji wa huko huziita Vespa Congo na kuzithamini sana. Hizo ni za kuwekwa sebuleni. Za barabarani ni nyingine kabisa.

Barabara za Java na Sumatra zina vijana wanaookota fremu za Vespa zilizokwisha, wanazichomelea mabomba, wanazirefusha mita kadhaa, wanaziongezea magurudumu hadi zinakuwa kama kiwavi. Nyingine zimejengwa kwa mianzi na magogo. Nyingine hazina kiti, dereva analala karibu na lami. Zimebeba kutu kama nishani, pamoja na mafuvu ya ng'ombe, madebe, bendera na viatu vilivyookotwa. Wanasafiri siku kwa siku kwenda kwenye tamasha zao, wakilala kando ya barabara, na mmoja akikwama wengine husimama. Nyingi hazina karatasi halali, na polisi hukamata na kubeba. Kwa jicho la mhandisi ni kichaa. Lakini Vespa iliyorefushwa mita nne haimwambii mtu uongo. Kila anayeiona anajua asiipande na mtoto.

Uongo ulikuja kutoka kwenye kazi nadhifu.

Saigon ya miaka ya 1950 na 1960 ilijaa Vespa na Lambretta. Baada ya vita kuisha 1975 vipuri vilikuwa shida kubwa, na mafundi wa mji ule, ambao sasa ni Ho Chi Minh City, walijifunza kuweka skuta hai kwa chochote: bati la pipa, boliti ya mashine nyingine, gia iliyochongwa kwa mkono. Huo ni ufundi, na hakuna mtu wa jua kali anayeweza kuucheka. Tatizo lilianza pale dunia ilipopenda tena vitu vya zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada ya 2000, wanunuzi wa Marekani, Uingereza na Australia walianza kuagiza kutoka huko Vespa "zilizofanywa upya". Zilifika zikimeremeta, rangi mbili, krimu na buluu, kromu kila kona, kiti cha ngozi kipya. Bei nafuu kuliko kutengenezesha kwao.

Halafu watu wakaanza kukwaruza rangi. Chini yake walikuta filla nene kama lipu ya ukuta. Chini ya filla, nusu ya mbele ya modeli moja imeungwa na nusu ya nyuma ya modeli nyingine, mshono ukipita sakafuni pale pale ambapo uzito wote unapita. Walikuta sakafu zilizozibwa kwa vipande vya bati visivyoshika chochote. Walikuta uma wa mbele umekatwa, umeunganishwa na kulainishwa kwa msasa hadi jicho halioni. Vilabu vya skuta vikaanza kuonya wanachama wao, na mafundi wengine wakakataa kabisa kuzigusa.

Si haki kuwatupia lawama yote mafundi wa Saigon. Kuna warsha za huko zilizofanya, na zinazofanya, kazi safi. Fundi aliyelipwa vizuri na kuambiwa "hii nitaipanda mimi" alijenga skuta ya kupandwa. Fundi aliyelipwa kidogo na kuambiwa "ing'ae kwenye picha" alijenga picha. Mnunuzi alitaka umri wa 1962, sura ya jana na bei ya kutupa, vyote kwa mkupuo, na alikuwa mbali sana asiweze kushika taa.

Ukitoka hapo rudi kwenye mkebe wa soda. Lambretta mbovu iliyofichwa chini ya rangi ni hatari, lakini ina bomba. Bomba lililooza mara nyingi hulia kabla halijakatika. Vespa ina kitu kimoja cha kuilinda: lile tuta linalopita katikati ya sakafu, kutoka shingoni hadi chini ya kiti. Watu huliona kama pambo, au mahali pa kufichia waya na nyaya za breki. Hilo ndilo uti wa mgongo. Wajenzi wa Uingereza waliokata Vespa waliigawanya ngao, walinyoa mabavu, lakini tuta waliliacha. Wale walioliondoa waliweka bomba la kweli mahali pake, kwa vipimo, na hiyo si kazi ya Jumamosi moja.

Hayo nilimpelekea fundi wangu wiki iliyofuata, na mkebe wa soda mkononi. Alinisikiliza hadi mwisho, akaukanyaga mkebe, akanitaka niuguse. Ukalia *kwach*. Akacheka, halafu akaacha kucheka, akachukua brashi ya waya na kuanza kusugua sakafu ya ganda langu bila kusema kitu.

Rangi zilikuwa tatu. Ya juu nyeusi, chini yake nyekundu, chini kabisa kijani hafifu ambayo labda ndiyo ya kiwandani. Upande wa kulia, chini ya ile nyekundu, brashi ilianza kutoa unga wa kijivu. Filla. Akaingiza ncha ya bisibisi, ikazama. Kipande kikadondoka chote, na tukaona kilichokuwa kimefichwa: bati la debe, bado lina herufi mbili za tangazo la mafuta ya kupikia, limepachikwa kwa matone manne ya kuchomelea. Kuna mtu aliwahi kukanyaga hapo miaka nenda rudi, pengine na abiria nyuma, pengine na mtoto amesimama mbele kama walivyokuwa wakisimama watoto wa zamani.

Nambari tuliipata nyuma, karibu na mahali pa injini, baada ya kusugua polepole kwa petroli na kitambaa. VBC1T, halafu tarakimu. Herufi hizo ni za Vespa Super ya cc 150, zilizotoka kati ya 1965 na 1979, zenye magurudumu madogo ya inchi 8. Nilifurahi kuliko inavyostahili mtu mzima. Unaweza kubadilisha injini, uma, usukani, tangi na rangi, na mbele ya sheria bado ni skuta ileile, kwa sababu nambari hii iko kwenye ganda. Ndiyo maana wezi huipiga faili kwanza, na ndiyo maana ganda lisilo na nambari ni heri uliache kwenye mizani. Langu lina nambari lakini halina logibuku. Mpaka karatasi zikae sawa haitagusa barabara, na hilo tumekubaliana.

Kabla ya kukata, fundi alifanya kitu ambacho sikumwambia. Alichukua nondo mbili, akazifunga kwa matone ya moto kutoka shingoni hadi kwenye tumbo la nyuma, kulia na kushoto, ili ganda lisijikunje sakafu ikitoka. Akachora mstari wa chaki kuzunguka tuta, pande zote mbili, akaandika juu yake USIKATE kwa herufi kubwa, ingawa mwenye grainda alikuwa ni yeye mwenyewe. Mashine ya umeme anayochomelea mageti aliiacha kando. Kwa bati hili ingetoboa matundu. Alitumia gesi, kidogo hapa, kidogo pale, akipumzika ili bati lisipinde. Sakafu mpya ilimchukua siku mbili na nusu. Siku ya tatu alishika grainda akaniuliza kama alainishe mishono, apige filla, isionekane.

Nikamwambia aiache.

"Watu watasema ni kazi chafu."

"Waione."

Aliitazama kidogo. Mishono yake ilikuwa imenyooka, mawimbi madogo yaliyopangana kama magamba ya samaki, na nadhani alikuwa anajua hivyo. Akaweka grainda chini. Akasema tutapaka rangi ya kuzuia kutu tu, ile ya wazi ingependeza lakini haidumu. Halafu akaniagiza nitafute uma wa mbele, mzima, usiokatwa popote. Injini mbovu ataifufua, tangi ataliziba, kiti kuna mtu Gikomba anashona. Lakini uma hatauchomelea, na nikimletea uliochomelewa na mtu mwingine atanirudishia ganda langu na nondo zake zikiwa juu.